Somo la Kutengwa

7 Julai 2025, Jumatatu

Leo ni miaka arobaini na miwili na siku kumi na tisa tangu nishuke kilima hiki na sanduku la bati begani. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Sasa nina sitini na saba. Basi limenishusha Tumati saa nane mchana, na pikipiki ikanimalizia safari. Upepo wa Julai ni ule ule, unapasua midomo. Nyumba za tembe, za paa la udongo, zimekwisha karibu zote, kilima chote ni mabati.

Nimekuja kufundisha muhula mmoja. Mkuu wa shule, Maximilian, alikuwa mwanafunzi wangu Morogoro. Ameanzisha utangulizi wa sosholojia kwa Kidato cha Tano, somo lisilo na mtihani wa taifa, akanipigia simu kuuliza kama namfahamu mstaafu yeyote anayeweza kuvumilia baridi ya Mbulu. Nilimwambia namfahamu. Sababu sikumwambia.

Niiandike hapa, ili siku nikianza kujidanganya niisome. Mwaka 1983 kilima hiki kilimtenga mama yangu, Kornelia. Aliyesimama mbele ya watu akamtaja ni Akonaay. Yuko hai. Nataka naye atajwe, mbele ya watu wale wale au watoto wao, akiwa bado ana macho ya kuwaona.

8 Julai

Nimeandika karatasi ya kuwagawia wanafunzi, yenye kichwa "Mtegemee nini katika somo hili". Nainakili.

"Msitegemee majibu ya kukariri. Mtajifunza maneno machache: kaida, hadhi, jukumu, ujamiishaji, adhabu za jamii. Kila neno mtalibeba hadi nyumbani mkaone kama linawaenea watu mnaowapenda. Mtajifunza kulitazama boma la baba yenu kama mgeni anayepita njiani. Mtabishana, na mara nyingi wote mtakuwa na haki kidogo. Mwishoni kila mmoja atamhoji mzee wa ukoo wake juu ya sheria isiyoandikwa popote ambayo kila mtu anaitii, na kazi zilizo bora zitasomwa mbele ya wazazi. Kuna siku mtatamani msingeuliza."

Maximilian alisoma akacheka. "Mwalimu, hiyo sentensi ya mwisho inawatisha watoto."

"Ni ya kweli."

"Ya kweli ndiyo inayotisha."

Sikuifuta.

10 Julai

Nimechemsha chai ya maziwa, nikajaza chupa kubwa, nikawaalika majirani. Wamekuja watano. Wamesalimia vizuri, wamesimama uani robo saa, wamesifu mlango mpya, wameondoka. Chupa imerudi jikoni imejaa.

14 Julai

Kipindi cha kwanza. Wanafunzi thelathini na mmoja. Niliingia, wakasimama wote.

"Kwa nini mmesimama?"

Walitazamana. Kelvin, mwenye shingo ndefu, ambaye naona atakuwa mchekeshaji wa darasa, akasema, "Tusiposimama tunachapwa, Mwalimu."

"Na fimbo isipokuwepo?"

"Basi tunakaa. Miguu inauma."

Walicheka. Msichana wa karibu na dirisha hakucheka. "Muongo. Tungesimama tu. Wewe mwenyewe ungekuwa wa kwanza, maana ungeona aibu kukaa peke yako."

Nikamwambia ametaja kwa sentensi moja jambo ambalo vitabu hulitumia sura nzima. Nikamuuliza jina.

"Gaudensia Akonaay, Mwalimu."

"Akonaay wa juu, pale penye miti ya miwati?"

"Ndiyo. Ni babu yangu."

Nikamwambia akae. Nilikuwa nimepanga kumtafuta mzee mwenyewe, kumbe ameniletea mjukuu wake darasani, na ndiye mwenye akili kuliko wote.

17 Julai

Adhabu za jamii. Yonas, anayetoka kwa wafugaji wa tambarare za Hanang, amesema kwao mwanaume akimkosea mama aliyejifungua, wanawake hukaa baraza lao na kumtoza dume la ng'ombe.

"Na akikataa?" Kelvin aliuliza.

"Hakatai."

"Lakini akikataa?"

"Wewe hujawahi kuwaona hao akina mama. Hakatai."

20 Julai

Chai. Watu watatu uani. Chupa imejaa.

27 Julai, Jumapili

Nimekwenda kwenye kaburi la mama. Shamba letu limemezwa na nyasi; hakuna aliyelichukua muda wote huu, jambo la ajabu kilimani ambako watu hupigana kwa upana wa jembe. Niandike yote mara moja, nisiyarudie.

Machi 1983 radi iliua ng'ombe watatu upande wa juu. Kaida ya hapa inajulikana: radi ikiua, majembe hulala siku tatu. Hakuna anayegusa udongo. Siku ya nne, kabla wazee hawajafungua kilimo, ikaja mvua ya mawe, ikasaga maharage na mahindi ya kilima chote kwa muda wa kula ugali. Watu wakasema kuna aliyelima. Baraza likaitwa. Akonaay akasimama akasema alimwona Kornelia, mjane, na jembe begani asubuhi ya siku ya pili. Jembe alikuwa nalo kweli. Ndama wake alikuwa amekufa na alikuwa akienda kumfukia. Alieleza. Haikusaidia.

Wakamtenga. Kutengwa kwetu hakuna kelele. Hupewi kaa la moto, hukopeshwi chumvi, maji yako hayanywewi, ng'ombe wako hawaunganishwi na wa wenzako malishoni. Mlango wako hauingiwi. Ukifa, huchimbiwi.

Nilikuwa chuoni. Barua ilichukua wiki saba. Nilimkuta amelala, amekonda, anaongea kidogo. "Nilimwona mtu bondeni siku ile," aliniambia. Nikamuuliza nani. Akageukia ukutani. Akafa tarehe 15 Juni. Mimi na kaka yangu Tadei, ambaye naye amekwisha kufariki, tulichimba siku mbili, udongo ni kokoto. Watu walikaa ng'ambo ya bonde wakitazama. Akonaay alikuwepo, amesimama kwa mguu mmoja, ameegemea fimbo yake. Tarehe 18 nikaondoka.

Leo kanisani nimekutana naye mlangoni. Yapata miaka themanini na sita. Mkono wa Gaudensia umemshika kiwiko. Kwa umri, mimi ndiye wa kumpa shikamoo. Alisimama akaingoja. Watu nao walisimama. Nikapita bila neno.

Sijawahi kumnyima mtu mzima shikamoo tangu nizaliwe. 

28 Julai

Darasa limesikia. Hakuna aliyeniuliza. Gaudensia amejibu maswali yote kwa usahihi, bila kunitazama.

13 Agosti

Baridi. Nimesahihisha madaftari.

19 Agosti

Hadhi na jukumu. Niliwauliza mtu mmoja anaweza kuwa na hadhi ngapi. Kelvin alihesabu za kwake: mwanafunzi, mtoto wa tatu, kipa, mkristo, mchokozi. "Mwalimu, na wewe?"

Nikasema mwalimu, mstaafu, mjane, babu.

"Na mgeni," mmoja akasema nyuma.

"Mgeni? Nimezaliwa hapo chini."

Kwa nini hakuna aliyecheka, sikuelewa. Kelvin, asiyenyamaza, aliinamia daftari.

2 Septemba

Chupa imejaa. Nimeanza kuihesabu: mara ya tisa.

19 Septemba

Likizo fupi inaanza kesho. Nimegawa kazi ya uwandani. Kila mwanafunzi alichota karatasi ya mada kwenye kofia yangu, isipokuwa mmoja. Yake niliishika mkononi, nikampa: "Kutengwa: nani anaanzisha, nani anamaliza."

Aliisoma. "Mwalimu, hii umenichagulia."

"Ndiyo."

"Nimhoji babu."

"Uliza kama mgeni anayepita njiani. Mrekodi kwa simu akikubali. Asipokubali, usimlazimishe."

"Atakubali," alisema. "Siku hizi anazungumza peke yake. Mtu wa namna hiyo anangoja tu kuulizwa."

Nimekaa barazani nikiona wanavyoteremka na mabegi. Nilitegemea kusikia uchungu kwa kumtuma mtoto akamchimbe babu yake. Nimesikia njaa tu, kama ya mtu aliyenusa chakula.

6 Oktoba, Jumatatu

Wamerudi. Gaudensia alikuja mezani kwangu baada ya vipindi, akasimama nje ya mlango wa ofisi. Nikamwambia ingia. Akaingia. Alionekana amekua mwaka mzima kwa wiki mbili.

"Kabla ya rekodi," akasema, "kuna kitu nimegundua. Kutengwa hakuishi kwenyewe. Kunamalizwa na watu wawili: aliyetamka na aliyetengwa. Wanakunywa kutoka kibuyu kimoja, na aliyetengwa anasema 'imekwisha' mara tatu. Akifa, mtoto wake anasema badala yake. Likishasemwa, jambo limezikwa, hakuna anayeruhusiwa kulitaja tena. Ninyi mliondoka. Halikusemwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo bado, Mwalimu. Ndiyo maana hakuna aliyelima shamba lenu. Ndiyo maana hawaingii kwako. Hata akina Kelvin wameambiwa nyumbani: darasani sawa, darasa ni la shule. Nyumbani kwake msinywe kitu."

Nilikuwa nimedhani ni haya ya watu wa milimani mbele ya msomi. Miaka thelathini nimefundisha adhabu za jamii, na miezi mitatu nimekaa ndani yake na chupa yangu ya chai, sijatambua.

Kisha akaweka simu mezani. Nanakili maneno ya mzee, ya mwisho kwanza, kwa kuwa ndiyo yaliyonikaa kichwani.

"Ni mimi niliyelima. Magugu yalikuwa yanaua maharage ya bondeni na mke wangu hakuweza kuinama. Nilishuka kabla ya jua. Kornelia akapita na jembe lake, akaniona, nikaona ameniona. Nikaogopa. Nikamtaja kwanza."

Sauti ya Gaudensia: "Naye kwa nini hakukutaja, babu?"

Kuku wanasikika. "Alikuja kwangu jioni ile ile, baada ya watu kutawanyika. Akasema: sitakutaja. Mkeo ana mimba. Wakiwatenga ninyi atajifungua bila mtu wa kumshika. Mimi watoto wangu wamekwisha kua."

"Mimba ya nani?"

"Ya baba yako."

Gaudensia alichukua simu yake. "Niandike au nisiandike?" akauliza.

"Kazi ni yako."

"Mwalimu, usinijibu kama mwalimu."

Nikamfungulia mlango.

7 Oktoba

Sijafundisha. Nimemwambia Maximilian nina mafua.

8 Oktoba

Mama alijua jina. Alilibeba wiki zote zile bila moto na bila chumvi, nami nilipomuuliza akageukia ukutani. Nimejaribu kutwa nzima kuona kwamba alinifundisha kusamehe. Naona tu kwamba alilipa, na mwingine akanufaika. Hasira yangu ilikuwa ya mtu aliyedhani adui yake ni mjinga aliyekosea. Sasa najua alijua alichofanya.

21 Oktoba

Gaudensia ameleta rasimu, kurasa kumi na moja. Hajaficha hata jina. Nimesahihisha nukta mbili.

9 Novemba

Mvua ya kwanza. Harufu ya udongo imeingia hadi darasani.

11 Novemba

Jana radi iliua ng'ombe wa jirani yetu Ignasi. Leo asubuhi wazee wametangaza: majembe yalale siku tatu. Mvua imefika, mbegu ziko tayari, watu wana simu zinazowaonyesha wingu la kesho, na hakuna aliyegusa udongo. Hata bustani ya shule. Maximilian, mwenye shahada mbili, ameona haya kidogo: "Siyo kwamba naamini, Mwalimu. Lakini nani anataka kuwa wa kwanza?"

12 Novemba

Saa nne asubuhi nimechukua jembe, nimeshuka kwenye shamba la mama, nimelima. Mchana kweupe, mbele ya kilima chote. Nimelima kuzunguka kaburi hadi viganja vikatoa malengelenge. Watu wakajipanga kwenye kingo kama mwaka ule. Nikawatazama nao wakanitazama.

Hakuna aliyeniita. Hakuna wa kunitoza ng'ombe. Aliyekwisha kutengwa hatengwi mara ya pili. Kumbe walipomsukuma mama nje walijinyima pia mkono wa kumfikia mwanawe.

Nimefurahi. Naandika neno hilo baada ya kulipima.

15 Novemba

Mvua ya mawe haijaja. Kila mtu anatazama juu.

19 Novemba

Akonaay amekuja.

Alifika saa kumi, amepanda miguu yake mwenyewe, Gaudensia nyuma yake amebeba kibuyu cha pombe ya asali. Akasimama kwenye mpaka wa ua. Nilikuwa barazani na madaftari. Mama Agatha, mpishi wa shule anayekaa nyumba ya pili, aliacha kuchambua mboga akabaki ameshika jani.

"Felisiani," mzee alisema.

Niliweka kalamu chini.

"Wazee wamenituma. Wanasema mtu aliye nje ya kilima hawezi kulima ndani ya kilima. Turudishe mambo. Lakini mimi sikuja kwa kutumwa. Nimekuja kwa sababu nitakufa."

"Mama naye alikufa."

"Alikufa. Mimi nilisimama ng'ambo nikakuangalia unachimba. Nimekuona unachimba kila mwaka tangu siku ile." Akatulia kupata pumzi. "Huyu mtoto atasoma karatasi yake wiki ijayo. Nimemwambia asome, sikumkataza. Ila ukisema 'imekwisha' leo, limezikwa, hakuna wa kulitaja, hata yeye. Usiposema, atasoma, na watu watajua niliyelima ni mimi. Unajua watakachonifanya. Nani atanichimbia?"

"Una wana."

"Wako Arusha. Na baba wa huyu yuko hospitali Haydom, kifua. Nitachimbiwa na msichana?"

"Mimi nilichimba na mtu mmoja."

Ndipo alipofanya jambo ambalo sijawahi kuliona na sitaliona tena. Mzee yule, anayenizidi miaka kumi na tisa, alivua kofia yake ya sufu, akainama kidogo.

"Shikamoo," akasema.

Mama Agatha akaguna kama aliyechomwa. Gaudensia akafumba macho. Hapa kwetu shikamoo haipandi kilima. Hushuka tu, kutoka kinywa cha mdogo hadi sikio la mkubwa. Alikuwa amejivua miaka yake yote akaiweka miguuni pangu, na kilichobaki ni neno langu moja: marahaba. Au lile jingine, mara tatu.

Kupitia mlango uliokuwa wazi niliiangalia picha ya mama ukutani. Nikaangalia kibuyu. Nikafunua daftari la Kelvin, nikaendelea kusahihisha.

Alikaa amesimama muda wa kusahihisha kurasa mbili. Kisha nikasikia fimbo yake ikiteremka.

20 Novemba

Nilibaki bila usingizi. Sijabadilisha kitu.

28 Novemba, Ijumaa

Siku ya wazazi. Ukumbi umejaa, mvua imenyesha juu ya bati hadi saa tano, kisha ikaachia. Yonas alisoma juu ya dume la ng'ombe, watu wakacheka, akina mama wakapiga vigelegele. Kelvin alisoma juu ya kwa nini mkwe hali mbele ya mkwe, akaigiza, ukumbi ukaanguka.

Gaudensia alikuwa wa mwisho. Akonaay alikuwa safu ya tatu, amevaa koti. Angeweza kubaki nyumbani. Alikuja.

Gaudensia alisoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Radi ya 1983. Baraza. Jembe la ndama. Bondeni kabla ya jua. Alipofika pale, akasema, "Aliyelima alikuwa Akonaay, babu yangu, na hapa kuna maneno yake," akayasoma. Akasoma na ya mama yangu, yale ya jioni. Akasema, "Mimba ile ni baba yangu. Kwa hiyo mimi ninasoma karatasi hii kwa sababu mtu alinyamaza."

Hakuna aliyepiga kelele. Mwanamke wa kulia kwake mzee aliinuka, kama anayekwenda nje kidogo, akakaa safu nyingine. Kisha wa kushoto. Kisha safu yote ya tatu, mmoja mmoja, bila haraka, kila mtu akijifanya ana sababu yake. Nimefundisha jambo hilo ubaoni mara mia. Nilikuwa nimelingoja miaka arobaini na miwili, nikalitazama hadi mwisho, sikuruka hata kiti kimoja.

Gaudensia alikuwa bado na ukurasa. "Hitimisho," akasoma. "Kutengwa huanzishwa na mwoga, hutunzwa na watu wema. Mwezi huu nilimwona aliyetengwa akipewa nafasi ya kukumaliza kutengwa huko. Hakukumaliza. Sasa yeye ndiye anayetunza kutengwa. Mwisho wa kazi yangu. Ahsanteni."

Akashuka jukwaani, akapita katikati ya ukumbi, akakaa kwenye safu ya tatu, kando ya babu yake, peke yao wawili.

29 Novemba, Jumamosi

Mama Agatha amekuja asubuhi. Hakusimama uani. Amesema hodi, ameingia, ameketi, amenyoosha mkono kwenye chupa mwenyewe. Baada yake Ignasi, na mkewe. Hakuna kibuyu kilichonywewa wala neno lililosemwa mara tatu. Kilima kimehamisha tu mlango usioingiwa. Walikunywa vikombe sita. Wakaniambia shamba la mama ni langu, nijenge, watanisaidia mawe. Niliwauliza nani amempelekea Akonaay maji leo. Wakatazama vikombe.

Chupa imerudi jikoni tupu. Nilidhani ningejisikia tofauti.

Gaudensia alikuja kuchukua karatasi yake. Nimempa tisini na sita. Nne nimezitoa kwa sababu hitimisho halikutaja chanzo.

"Chanzo ni wewe, Mwalimu."

"Ulitakiwa uandike."

"Ile karatasi ya Julai," akasema, "uliandika yote ya kutegemea. Hukuandika kwamba na wewe utakuwemo ndani ya somo." Kisha akanipa shikamoo, akangoja. Nikamjibu marahaba. Ilitoka vizuri, kama kitu ambacho hakijawahi kukwama.

Sijutii. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli, si kwa kuwa inapendeza. Mama angefanya vingine. Mama amelala kwenye kokoto. Kwenye nakala yangu ya karatasi nimeongeza mstari mmoja, kwa ajili ya mwalimu atakayenifuata: "Mtegemee kwamba atakayewafundisha sheria hizi naye ana mtu asiyempa maji."

Funguo nimemwachia Maximilian. Shamba nimeliandikia barua: apewe Gaudensia, kama watu watamruhusu kulima. Basi la Babati linapita saa kumi na mbili asubuhi. Sitarudi.